Anayebaki Amwandikie Aliyetoka

Habari ya kifo chake ilinikuta ofisini, Deira, hapa Dubai, nikiwa nimeshika muhuri. Kazi yangu, kama wasomaji wangu wa siku nyingi mnavyojua, ni kutafsiri na kuchapa nyaraka za watu: vyeti vya ndoa, hati za shule, barua za kuombea viza. Saa nane mchana ndiyo saa ya foleni. Simu ikatetemeka juu ya meza, nikaitupia jicho. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha wazazi alikuwa ameandika mistari miwili tu. Mwalimu wa darasa letu la Kiswahili ameanguka asubuhi akijiandaa kwenda kazini. Amefikishwa hospitali, hakuamka tena. Nikamrudishia mteja hati yake bila kuipiga muhuri, naye akanisukumia tena akidhani namtania. Kisha nikafanya jambo ambalo nadhani kila mtu wa zama hizi hulifanya akipata habari ya namna hiyo: nikafungua ujumbe wake wa mwisho kwangu. Ulikuwa na wiki mbili, na sikuwa nimeujibu.

Alikuwa amenitumia habari kutoka jimbo moja la Marekani, ambako kuna pendekezo la kurekebisha katiba ya jimbo kuhusu watoto kuonyesha dini yao katika shule za umma: nani aruhusiwe kusali, wapi, kwa sauti gani, na mwalimu afanye nini wakati huo. Watu wa huko wamegawanyika vibaya, kila upande unaapa kwamba upande wa pili unataka kuiua shule. Chini ya habari ile akaandika kwa Kiswahili chake cha Kenya ya bara: "Bwana Katibu, hawa nao wamekwama pale pale tulikwama sisi. Ungewaandikia nini?" Nilisoma, nikacheka peke yangu, nikasema nitamjibu Jumapili nikipumzika. Jumapili mbili zikapita. Ukweli ni kwamba jibu la haki lingenilazimu kukiri kuwa katika ugomvi wetu wa zamani yeye ndiye aliyekuwa sahihi, na mimi kukiri makosa huniwia kazi nzito kuliko kubeba gunia. Kwa hiyo safu ya leo ndiyo jibu lenyewe. Limechelewa, na kuchelewa kwake kunaniuma, lakini nitaliandika.

Nilimfahamu kwenye korido. Wakati huo alikuwa mlinzi katika jengo kubwa la maduka kule Al Barsha, na lindo lake lilikuwa kwenye korido inayoelekea vyumba vya kusalia, cha wanawake kushoto, cha wanaume kulia. Mimi siku hiyo nilikuwa nimebeba mkoba wenye hati halisi za mteja, pasipoti mbili na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Nikaingia kuswali alasiri, nikatoka na haraka zangu, nikafika mpaka kituo cha metro na kumaliza kusoma magazeti yote ya kwenye simu ndipo nikagundua kwamba mkono mmoja ni mwepesi. Nilirudi mbio, watu wakinipisha. Nikamkuta mwanamke wa makamo, mnene kidogo, ndani ya sare iliyopigwa pasi ikanyooka, amesimama wima kando ya rafu ya viatu, na mkoba wangu uko chini, karibu na mguu wake. Akaniuliza kwa Kiingereza cha kazini, kwa heshima zote, kama ule mkoba ni wangu. Nami kwa ahueni niliyoipata nikasahau Kiingereza. "Alhamdulillahi," nikasema, "leo ningelala ndani."

Kicheko alichokiachia kiliwafanya watu wageuke. "Ai! Kumbe ni mtu wa nyumbani! Na vile nimekuita sir!"

Nikaanza kumshukuru kwa kunishikia mkoba. Akanikatiza haraka. Kanuni za kampuni yao zinamkataza mlinzi kushika mali ya mteja. Mali ikionekana imeachwa anaitwa msimamizi, inajazwa fomu, inapelekwa chini, na mwenyewe akija anaanza kuhangaika. "Sikushika," akaniambia. "Mimi nilisimama tu hapa karibu. Hakuna sheria inanikataza kusimama." Baadaye nilikuja kujua kwamba zamu yake ilikuwa imekwisha nusu saa nzima kabla sijarudi, na kwamba basi lake la kwenda International City, alikokuwa akiishi, lilikuwa limeondoka bila yeye. Pale pale akaniambia yeye ni Mkristo, mtu wa kufunga na kuomba, nami nikamwuliza anajionaje kukaa siku nzima akilinda viatu vya watu wanaoswali. Aliliona swali langu ni la kijinga, na uso wake haukuficha. "Nyinyi mkiinama, si lazima mtu mmoja awe amesimama? Mkiinama wote, viatu vitalindwa na nani?" Nilichukua mkoba wangu nikaenda zangu, lakini maneno yale sikuyaacha pale.

Kwao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye cheti na miaka kadhaa ya chaki, kabla maisha hayajamleta huku kuvaa sare. Kwa hiyo kikundi chetu kilipoanza kutafuta mwalimu, mimi nilikuwa wa kwanza kumtaja. Hiki kikundi nacho nikieleze kidogo. Sisi watu wa Afrika Mashariki tuna ugonjwa wa katiba. Tukikutana watano kwa ajili ya kununua sufuria ya pilau, kabla sufuria haijanunuliwa tutakuwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina na katiba yenye vifungu kumi na sita. Wazazi wa Kikenya na wa Kitanzania, pamoja na familia moja ya Kizanzibari iliyokaa Deira tangu enzi za mababu, walitaka jambo dogo tu: watoto wao waliozaliwa huku, wanaosema "yalla" kabla hawajajua "twende", wanaomjibu bibi yao kwenye simu kwa Kiingereza, wajifunze Kiswahili asubuhi moja kwa wiki. Tukapata chumba katika kituo cha kufundishia kompyuta, kila Jumamosi kuanzia saa nne hadi saa saba na nusu. Na kwa kuwa mimi ndiye mtu wa kuchapa, nikafanywa katibu na kupewa kazi ya kuandika katiba. Niliifanya kwa raha ambayo sasa naionea aibu kidogo.

Mwalimu alikuja na desturi ya shule za kwao. Kabla ya somo watoto wanasimama, wanafumba macho, mmoja anaomba. Sisi Watanzania hatukushangaa sana. Shuleni kwetu tulikuwa na kipindi cha dini, Wakatoliki chumba hiki, Walutheri kile, sisi Waislamu kwenye chumba cha mwisho, na ustadhi asipotokea tulitoka nje kucheza mpira wa makaratasi tukimshukuru Mungu kwa namna hiyo. Naye Mwalimu, akitaka kutenda haki, akatengeneza zamu: Jumamosi hii anaomba mtoto wa Kikristo, Jumamosi ijayo dua inasomwa na mtoto wa Kiislamu. Ilikuwa nia njema kabisa. Kosa lake lilikuwa namna alivyopanga zamu zile. Alichukua orodha ya darasa akaigawa kwa majina, kwa sababu kwao, huko milimani kwenye chai, ukisikia jina la mtu unajua sala yake na karibu ujue na kanisa lake. Hakujua kwamba kwetu Tabora mtu anapewa jina la babu, babu alikuwa Mwislamu, na mjukuu anaimba kwaya parokiani.

Basi Jumamosi moja akamwita msichana wa miaka tisa, mtoto wa familia ya Tabora, aje mbele asome dua. Jina lake, na jina la baba yake, mtu yeyote wa kule milimani angeapa kuwa yametoka msikitini. Mtoto alikuwa amebatizwa. Akasimama mbele ya wenzake, akamtazama Mwalimu, akatazama mlango. Kisha, kwa kuwa alifundishwa kumtii mkubwa, akasali sala pekee aliyoijua kwa moyo, ile ya kushukuru chakula, saa nne asubuhi, hakuna hata biskuti mbele yake. Darasa likacheka. Watoto hawakuwa na ubaya, walicheka tu kama watoto wanavyocheka. Lakini yule msichana alirudi kwao akasema hatakanyaga tena pale, na baba yake, mtu mpole anayefanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja, akaandika kwenye kundi letu la simu maneno ambayo sijayasahau. "Sijakasirika kwa sababu ya dini. Nimekasirika kwa sababu mwanangu amesimamishwa mbele za watu akaulizwa yeye ni nani, na alipojibu akachekwa."

Kundi likawaka moto. Mimi sijapata kuona watu wazima, wenye kazi na familia, wakiandikiana vile. Upande mmoja ulisema Wakristo ndio wengi darasani, basi sala iwe moja, ya Kikristo, asiyetaka anyamaze. Upande wa pili ukasema kama ni hivyo waswali watoto wote, tuone. Wengine wakaleta mambo ya chaguzi za makwao ambayo hayakuhusu chochote. Nami nikiwa nimechoshwa, na nikiwa nimekwishaamini kwamba duniani hakuna ugomvi usioponywa na kifungu kilichoandikwa vizuri, nikakaa ofisini wakati wa chakula cha mchana nikaandaa pendekezo la marekebisho ya katiba. Lilisomeka hivi: darasani hapatakuwa na sala, dua, wimbo wa dini, salamu ya dini wala alama yoyote ya imani. Nikalisoma mara tatu. Nililiona safi kama sakafu ya hospitali. Nikalituma kwenye kundi nikatulia, nikisubiri pongezi.

Badala ya pongezi nilipigiwa simu na bibi wa ile familia ya Kizanzibari, ambaye mjukuu wake alikuwa darasani. Sauti yake ilikuwa ya upole, na hiyo ilinitisha zaidi. "Mwanangu, mie sitaki ugomvi na mtu. Lakini mjukuu wangu mtamvua mtandio ndani ya darasa la Kiswahili? Na akisema asalaam aleikum mtamtoa nje? Kiswahili hicho kimekuwa cha wapi tena?" Nikajaribu kumweleza kwamba sheria ni kwa wote, hata msalaba hautaruhusiwa. "Basi hapo ndo umewakosea wote," akasema. "Khalas. Mjukuu wangu atakaa nyumbani, nitamsomesha mwenyewe jikoni." Nao Wakenya wawili wakatangaza kwamba pendekezo langu likipita wanaondoka, na wale waliotaka mtoto asiulizwe dini wakasema lisipopita wanaondoka wao. Kwa hesabu yoyote ile, baada ya mkutano mkuu darasa lisingekuwepo. Na yule msichana wa Tabora alikuwa hajarudi.

Mkutano tuliufanya baada ya somo, wazazi tumekunja magoti kwenye vile viti vya wanafunzi. Mwalimu akaomba aseme kwanza. Alikuwa amekuja kufundisha moja kwa moja kutoka zamu ya usiku aliyobadilishana na mwenzake, bado ana sare, kofia ameishika mkononi. "Mimi naomba msamaha kwa baba ya huyu mtoto," akasema, "na naomba nikiwa nimesimama mbele yenu nyote, juu ya vile nilimkosea mbele ya wote. Nilisoma jina, nikafikiri nimeshamjua mtoto. Kwetu tunafanya hivyo. Pengine hata kwetu huwa tunakosea tu na hakuna mtu anatuambia." Baba wa mtoto akainamisha kichwa. Mwalimu akaendelea. "Halafu hiyo maombi ya kufungua darasa. Niliileta mimi, na mimi ndio naitoa."

Mama mmoja, Mkenya mwenzake, rafiki yake wa kusali pamoja, akaruka kwenye kiti. "Mwalimu! Unamtoa Mungu darasani?"

"Mungu ako tu," akajibu. "Mimi huomba kwa basi kutoka International City mpaka nishuke hapa Deira, na hajawahi kuniambia hasikii."

Watu wakacheka, hewa ikapoa kidogo. Nikajiandaa kusimama nishukuru kwamba Mwalimu ameunga mkono pendekezo langu. Akanigeukia kabla sijainuka. "Lakini hii yako, Bwana Katibu, hii siwezi. Hii ni kama zile kanuni za lindo letu. Usishike, usikae, usiongee. Sasa mtoto atapumua saa ngapi?" Kisha akaeleza anachotaka. Mwalimu asimwulize mtoto dini yake, na asimwongozee mtoto sala. Mtoto anayetaka kuinama kimya kabla ya kula ainame. Mwenye mtandio na avae mtandio, mwenye rozari shingoni abaki nayo. Adhuhuri inaingia katikati ya somo, na mwisho wa korido kuna chumba cha kusalia. Anayetaka kwenda aende, hataandikwa mtoro. "Na kitu kimoja tu nataka kiandikwe kwa nguvu," akasema. "Yule amebaki, amwandikie yule ametoka. Amwandikie somo, asirudi akute amepotea."

Mimi nikasimama. Naikumbuka sauti yangu ile ya kujiona, Mungu anisamehe. Nikasema kwamba katiba ina haki na ina makatazo, na hilo analolileta Mwalimu halimo huku wala kule. Sheria inaweza kumruhusu mtoto kutoka, inaweza kumzuia kutoka. Haiwezi kumwambia mtoto mwingine achukue kalamu. "Hiyo si sheria, Mwalimu. Hiyo ni adabu."

"Basi andika adabu, Bwana Katibu. Kalamu si unayo?"

Kura ya mikono ikapigwa. Mkono wa bibi wa Kizanzibari ulikuwa juu, wa baba wa Tabora ulikuwa juu, hata yule mama aliyeruka kwenye kiti akainua wake polepole kama mtu anayepima joto la maji. Wangu haukuinuka. Nilijifanya niko bize kuhesabu mikono ya wengine, na katika kumbukumbu za mkutano nilizoziandika mwenyewe hakuna mahali palipoandikwa kuwa katibu hakupiga kura. Nikaandika kile kifungu nikiwa na kinyongo: mwanafunzi akitoka kwa ajili ya ibada, aliyebaki kando yake atamwandikia somo mpaka atakaporudi. Nikamsomea Mwalimu. Akatikisa kichwa. "Ongeza hapo mwisho: kwa mwandiko unaosomeka. Nawajua watoto." Nikaongeza.

Msichana wa Tabora alirudi Jumamosi ya tatu, baba yake amesimama mlangoni mpaka alipomwona ameketi. Kiti kilichokuwa wazi kilikuwa kando ya mjukuu wa yule bibi. Adhuhuri ilipofika, mjukuu akainuka na wenzake wawili, akatoka. Mwalimu alisimama tu pale mbele, karibu. Mtoto wa Tabora akaliangalia lile daftari lililoachwa wazi, akalivuta, akaanza kuandika. Mwenzake aliporudi wakaanza kuzozana chinichini, hii ni "r" au "n", mbona umebana maneno hivi. Wiki iliyofuata maneno yalikuwa yameachana. Kufikia mwisho wa muhula mwandiko wa yule mtoto ulikuwa mzuri kuliko wangu, na Mwalimu alinieleza sababu bila mimi kumwuliza: mtu akijua kuna mwenzake atakayesoma, mkono unatulia. Kisha ikaja Desemba, mtoto wa Tabora akakosa Jumamosi mbili kwa mazoezi ya kwaya ya Krismasi. Aliporudi alikuta masomo mawili yameandikwa kwenye daftari lake kwa mkono wa mwenzake mwenye mtandio, kichwa cha habari kimepigiwa mstari kwa kalamu ya rangi. Baba alipiga picha ukurasa ule akautuma kwenye kundi bila maneno. Kundi lile lililokuwa limewaka moto lilijaa mioyo myekundu mpaka simu yangu ikaganda.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hili tangu siku ile ya muhuri. Silijui lile jimbo la Marekani, wala sijui katiba yao inasemaje sasa na itasemaje kesho. Sina ubavu wa kuwafundisha watu nchi yao. Lakini nadhani naijua hofu yao, kwa kuwa niliiona ikiwa imekaa kwenye viti vidogo, imekunja magoti. Mzazi wa upande huu anaogopa mwanawe atazuiwa kusali. Mzazi wa upande ule anaogopa mwanawe atasalishwa. Ukiwatazama kwa karibu, wote wawili wanaogopa kitu kimoja, kwamba mtoto wao atasimamishwa mbele ya wenzake na kuchekwa, na hatakuwepo mtu mzima wa kusimama karibu naye. Tunaandika sheria ya kuruhusu, tunaandika sheria ya kukataza, na zote zinamtazama yule anayesali. Mwalimu wetu alimtazama yule mwingine, aliyebaki kwenye kiti, akampa kazi ya kufanya. Mtu mwenye kazi ya kumfanyia mwenzake hapati nafasi ya kumcheka. Hilo alilijua kutoka kwenye korido ya Al Barsha, na mimi mwenye vitabu vyangu vya sheria kwenye kabati nilikuwa silijui.

Na tena sisi wa huku tunaliishi kila siku bila kulipa jina. Ofisini kwangu tuko sita kutoka nchi nne. Mwezi wa Ramadhani wasiofunga wanapokea simu zangu saa ninapoishiwa nguvu. Krismasi mimi nafungua ofisi peke yangu. Hakuna aliyetuandikia kifungu. Ninachojiuliza ni kwa nini kitu tunachokiweza tukiwa wafanyakazi kinatushinda tukiwa wazazi, na sina jibu, ila nina tumaini, kwa sababu wale watoto wanakiweza wakiwa na miaka tisa.

Mwili wake ulisafirishwa Ijumaa, kwa dada yake na kwa watoto wake mwenyewe watatu ambao sasa ni watu wazima. Jumamosi tukakutana darasani kumkumbuka. Walikuja walinzi wenzake wawili, wanawake, na sare zao. Mmoja alikuwa ndiyo kwanza amesimama kusema, ana karatasi mkononi, wakati adhuhuri ilipoingia. Watoto wa kuswali wakainuka. Nami, kwa mara ya kwanza katika darasa lile, nikainuka pamoja nao. Siku zote nilikuwa naichelewesha sala mpaka nirudi nyumbani, nikijiambia kwamba katibu lazima akae mpaka somo liishe. Siku ile nilitaka kwenda kumwombea nikiwa miongoni mwao, na nilipokwenda kusujudu nililia, sioni haya kusema.

Tuliporudi yule mlinzi alikuwa amekwishakaa. Nikasikitika, kwani maneno yake ndiyo niliyotaka zaidi kuyasikia. Nikaenda kwenye kiti changu. Juu yake palikuwa na ukurasa uliochanwa kwenye daftari, umekunjwa mara moja. Msichana wa Tabora, ambaye sasa ana miaka kumi na miwili na amekaa kiti cha nyuma yangu, alikuwa anatazama pembeni. Kando yake mjukuu wa bibi alikuwa amekwishaanza kusoma wake. Nikafungua wangu. Ulikuwa na kila kitu: kwamba Mwalimu hakuondoka kwenye korido mpaka mtu wa mwisho avae viatu vyake, kwamba wenzake walikuwa wakimcheka kwa hilo, kwamba tangu afe wameanza kusimama pale kando ya rafu, zamu kwa zamu, na hakuna msimamizi aliyewaagiza. Hakuna neno nililoshindwa kulisoma.

Mwalimu, uliniuliza ningewaandikia nini wale watu wa mbali. Ningewaandikia kile kifungu chako, mpaka lile neno la mwisho ulilolitia wewe, na safari hii mkono wangu ungeinuka. Umetoka, na mimi ndiye niliyebaki kando yako. Nimekuandikia haya yote tuliyosoma, na nimejitahidi mwandiko usomeke.